UZI: Mtandao wa kompyuta unafanyaje kazi? Tuanze na pakiti, wagosi wa Tanga na wengine wote karibuni

#1 Waya Mwekundu

Wakuu habari za jioni, wagosi mlioko Tanga na mlioko nje nawasalimu wote.

Kazi yangu ni kufunga netiweki, maofisini, mashuleni, steshenari, gesti, na karibu kila ninapoitwa neno ni lile lile, "fundi, mtandao mbovu". Sasa mtandao upi? Waya uliopita darini ni mtandao, waifai ni mtandao, ruta, laini ya kampuni, mnara, seva iliyoko Ulaya, vyote watu wanaviita mtandao na kimoja kikizingua lawama zinarushwa sehemu moja tu. Mtu anaunga bando jingine, haisaidii, anabadili laini, haisaidii, ananunua na ruta mpya kabisa, na shida yenyewe ilikuwa kichwa cha waya kimeingia kutu. Pesa za watu zinapotea hivyo kila siku hapa mjini na inaniuma kwa kweli, maana kitu chenyewe kinaelezeka, hakihitaji digrii.

Mimi naamini ukiielewa pakiti peke yake, yaani kile kipande kidogo cha data kinachosafiri, mambo mengine yote ya netiweki yanafunguka. Kwa hiyo naanzia hapo.

Chochote unachotuma kwenye simu au kompyuta, voisi, picha ya harusi, matokeo ya mtihani, kimeshageuzwa kuwa biti, sifuri na moja mfululizo. Kwenye waya wa shaba biti zinakwenda kama mabadiliko ya umeme, kwenye faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo, zinakwenda kama mwanga, kwenye waifai na mnara zinakwenda kama mawimbi ya redio. Mawasiliano ya data ndiyo hayo, kuchukua biti huku na kuzifikisha kule bila kuharibika, na zikiharibika njiani kuwe na namna ya kujua.

Swali linakuja, unazitumaje? Simu za zamani zilikuwa zinashika njia nzima, ukipiga kutoka Tanga kwenda Dar laini inakuwa yenu wawili kutoka mwanzo hadi mwisho, mkinyamaza dakika mbili bado hakuna mwingine anayeitumia. Kwa kompyuta huo ni upotevu mkubwa sana kwa sababu kompyuta inatuma kidogo halafu inakaa, inatuma tena halafu inakaa. Miaka ya 1960 kuna watu wawili walifikia wazo moja kila mtu kivyake, Paul Baran kule Marekani aliyekuwa anatafuta mawasiliano yatakayobaki hai hata sehemu ya netiweki ikipigwa vitani, na Donald Davies kule Uingereza aliyetaka kompyuta zitumike na watu wengi kwa pamoja, na huyu Davies ndiye aliyeleta jina la pakiti. Wazo ni kwamba usishike njia nzima, katakata ujumbe vipande, kila kipande kiandike kinatoka wapi na kinakwenda wapi, kiachie kitafute njia.

Chukua kitanda cha mninga umechongesha hapa Tanga unataka kifike kwa dada yako Dar. Huwezi kukipakia kizima kwenye basi. Unakifungua, kichwa, miguu, mbavu, chaga, kila kipande unakipa namba na jina la dada, unavigawa kwenye mabasi tofauti pale stendi ya Kange. Basi moja linapita Segera na Chalinze, jingine limechukua njia ya Pangani na Bagamoyo, hayafiki kwa mpangilio na wala haijalishi, dada anapanga kwa namba. Kikikosekana kipande namba 6 anapiga simu anaomba namba 6 tu, haombi kitanda kizima upya. Na mabasi yale yale yamebeba mizigo ya watu wengine kibao.

Ndiyo pakiti hiyo. Picha ya MB 3 ukiituma inakatwa vipande zaidi ya 2,000, kwa sababu kwenye netiweki nyingi za kawaida kipande kimoja kinabeba baiti 1,500 tu na hapo hapo ndani yake kuna nafasi inaliwa na ile anwani.

Tarehe 29 Oktoba 1969 ndipo ujumbe wa kwanza ulipita kwenye ARPANET, netiweki ya utafiti ya serikali ya Marekani, kutoka chuo cha UCLA kwenda taasisi ya SRI, California kule kule. Walitaka kutuma neno "login", zikapita herufi mbili, l na o, mashine ya upande wa pili ikazima. Baadaye usiku huo huo wakafanikiwa. Intaneti tunayoitumia leo ni mjukuu wa netiweki ile, na wazo la pakiti halijabadilika.

Ulizeni mnachotaka, nitajibu kadiri ninavyopata nafasi.

#2 Mgosi wa Mabawa

Mgosi uzi mzuri sana huu, mimi niko siti ya mbele. Swali langu, nyumbani nimefungiwa faiba, nalipia Mbps 10, lakini nikidaunilodi faili kompyuta inaniandikia 1.1 au 1.2 haivuki hapo. Naibiwa au siibiwi?

#3 Waya Mwekundu

Huibiwi mgosi, na hili swali lilitakiwa liandikwe ukutani kila duka linalouza intaneti.

Kasi ya laini inahesabiwa kwa biti, ukubwa wa faili unahesabiwa kwa baiti, na baiti moja ina biti 8. Angalia herufi, Mbps (megabiti kwa sekunde) ina b ndogo, MB (megabaiti) ina B kubwa. Kwa hiyo Mbps 10 gawanya kwa 8 unapata MB 1.25 kwa sekunde, toa kidogo inayoliwa na anwani za pakiti na mazungumzo ya kuthibitisha kwamba zimefika, unabaki na hiyo 1.1 au 1.2 unayoiona. Unapata ulicholipia. Filamu ya MB 700 kwa laini hiyo hesabu yake ni 700 mara 8 gawanya kwa 10, sekunde 560, dakika tisa na ushee.

Ila kuna kitu cha pili watu wanakichanganya na kasi, nacho ni muda wa pakiti kwenda na kurudi. Laini inaweza kuwa pana sana na bado ikawa inachelewa kujibu. Hiyo nitaigusa tukifika kwenye nyaya za baharini.

#4 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Salaam wanangu. Mie nina steshenari yangu huku barabara za namba, kompyuta tatu na printa moja. Kila mteja akitaka kuprinti inabidi tuhamishe kwa flashi hadi kwenye kompyuta yenye printa, na hizo flashi za wateja zinatuletea virusi balaa. Niliambiwa ili kompyuta zote zitumie printa moja lazima niwe na bando la mwezi. Ni kweli?

#5 Waya Mwekundu

Shikamoo bi mkubwa. Hapana, si kweli kabisa, na aliyekuambia hivyo alitaka kukuuzia bando.

Kompyuta zako tatu na printa kuongea zenyewe kwa zenyewe hakuhitaji hata senti ya intaneti. Hiyo inaitwa LAN, netiweki ya ndani. Unahitaji swichi ndogo ya matundu matano au nane, waya kutoka kila kompyuta hadi kwenye swichi, na printa kama ina tundu la netiweki nayo inachomekwa hapo hapo, kama haina inabaki kwenye kompyuta moja na unairuhusu itumiwe na nyingine. Bando likiisha, mnara ukianguka, nyinyi mnaendelea kuprinti. Na hata shule isiyo na intaneti inaweza kuweka kompyuta moja iwe seva, yaani ya kuhudumia nyingine, ikajazwa vitabu na mitihani ya nyuma, wanafunzi wakasoma darasa zima kwa wakati mmoja. Natamani sana shule za huku kwetu zilijue hili, maana nyingine zina kompyuta zimefunikwa vitambaa zinasubiri intaneti ambayo wala hawaihitaji kuanza.

Swichi inafanya nini? Kila kadi ya netiweki ina namba yake ya kiwandani inaitwa MAC, ina biti 48. Swichi inasikiliza, inajifunza MAC fulani iko tundu la 1, nyingine tundu la 2, halafu pakiti ikija inaipeleka kwenye tundu lake tu. Zamani kulikuwa na habu, ile ilikuwa haijui chochote, ikipokea kitu inakipiga kwenye matundu yote, kompyuta zote zinasikia mambo yasiyowahusu na zikituma pamoja zinagongana. Ukikuta mtu anakuuzia habu ya zamani kwa bei ya kutupa usichukue.

Sasa waya, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Waya wa netiweki una nyuzi nane, jozi nne, na kila jozi imesokotwa. Ule msokoto una kazi yake. Uzi mmoja unabeba ishara na mwenzake anabeba kinyume chake, kelele ya umeme ikija kutoka nje inawapiga wote wawili sawasawa, upande wa kupokea unachukua tofauti ya hao wawili na kelele inafutika. Fundi akifungua msokoto sentimita nyingi ili apate urahisi wa kukrimpi, yaani kubana kichwa cha waya, ameharibu kinga hiyo. Usipitishe waya wa netiweki bomba moja na waya wa umeme wa nyumba. Usivuke mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Rangi zifuate mpangilio mmoja pande zote mbili, unaotumika sana ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Kingine, kasi ya Mbps 100 inatumia jozi mbili tu lakini Gbps 1 inatumia zote nne. Uzi mmoja wa bluu au kahawia ukikatika mara nyingi netiweki haifi, inashuka kimya kimya hadi 100, na mtu anakaa mwaka mzima akisema ruta yangu imezeeka.

Na sisi wa Tanga tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Raskazone, Sahare, Mwambani, karibu na maji kote huko vichwa vya waya vinaingia kutu haraka kuliko Korogwe au Muheza. Waya wa shaba halisi unavumilia, ule wa bei poa ambao ndani ni aluminiamu imepakwa shaba juu juu unakatika hovyo na ukipitisha umeme wa kamera humo unapoteza nguvu njiani. Kwangua kidogo ncha ya uzi kwa kisu, ukiona weupe ndani hiyo siyo shaba. Bora ununue mita chache za waya mzuri.

La mwisho kwako bi mkubwa, usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi moja. Kuna shule niliitwa, maabara yote ya kompyuta imelala, taa za swichi zinawaka zote kwa pamoja kama zimechanganyikiwa. Mwanafunzi alikuta waya unaning'inia akaona ni vizuri auchomeke. Kuna aina ya ujumbe unaotumwa kwa kila mtu, swichi inautoa matundu yote, ukitoka unazunguka kwenye ule waya unarudi, unatolewa tena matundu yote, ndani ya muda mfupi netiweki imejaa ujumbe mmoja unaojizidisha. Radia Perlman, mwanamama wa Marekani, mwaka 1985 alitunga kanuni ya kuzuia hilo, swichi zinaongea zenyewe na kufunga njia inayozunguka, lakini swichi ndogo za bei nafuu nyingi hazina hiyo kitu.

#6 Kijana wa Sahare

Kaka shikamoo, mimi niko chuo mwaka wa kwanza, tumeanza somo hili na tumekaririshwa matabaka saba ya OSI, ile modeli inayogawa kazi za netiweki ngazi kwa ngazi, kama shairi. Hapo juu umesema kila kadi ina MAC. Sasa kama kila kifaa kina namba yake tayari, anwani ya IP ni ya nini tena? Mwalimu alieleza ila sikushika.

#7 Waya Mwekundu

Marahaba mdogo wangu, swali zuri kuliko yote hadi sasa.

MAC inakuambia ni kifaa gani, haikuambii kiko wapi. Simu yako ukiipeleka Lushoto MAC yake inabaki ile ile. Kama dunia nzima ingetumia MAC, kila ruta, kile kifaa kinachopitisha pakiti kutoka netiweki moja hadi nyingine, ingelazimika kukariri mabilioni ya vifaa kimoja kimoja na mahali kilipo. IP imepangwa kwa makundi, sehemu ya mbele inataja netiweki, sehemu ya nyuma inataja kifaa ndani ya netiweki hiyo, kwa hiyo ruta ya mbali haihitaji kukujua wewe, inahitaji kujua kundi lako liko upande gani tu. Pakiti ikisafiri, IP ya mwisho wa safari haiguswi na ruta za njiani, lakini MAC inabadilishwa kila hatua, ruta hadi ruta. Ukishika hapo umeshika tabaka la pili na la tatu la hiyo OSI bila kukariri.

Matabaka mengine usiyaogope. Shirika la ISO lilitoa modeli hiyo mwaka 1984 ili watu wapate lugha ya pamoja, ila kinachotembea kwenye intaneti ni TCP/IP, kanuni za kutuma na kupokea pakiti, ambayo wazo lake waliliandika Vint Cerf na Bob Kahn mwaka 1974, na tarehe 1 Januari 1983 ARPANET yote ikahamia huko. IP kazi yake ni kupeleka pakiti, haiahidi kwamba itafika. TCP ndiyo inayohesabu, inapanga, inaomba iliyopotea irudiwe. Iko na UDP, hiyo inatuma tu haiulizi, ndiyo inayotumika sana kwenye simu za intaneti, kwa sababu sauti ya sekunde tatu zilizopita ikirudiwa sasa haina maana tena, bora ipotee. Ndiyo maana faili likichelewa linachelewa lakini linafika zima, na simu ya video ikizidiwa mtu anaongea vipande vipande.

Anwani za IP za toleo la 4 zina biti 32, jumla yake kama bilioni 4.3, hazitoshi dunia. Ndiyo sababu nyumbani kwako unaona 192.168 kitu fulani, na jirani yako naye 192.168 hiyo hiyo, na hamgongani. Hizo ni anwani za ndani, haziruhusiwi kutembea nje, ruta inakubadilishia ukitoka na kukumbuka jibu ni la nani likirudi. Toleo la 6 lina biti 128, huko anwani haziishi, lakini kuhama kunakwenda taratibu.

Na hii iandike pembeni, itakusaidia ukianza kazi. Ukikuta kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254 jua imeomba anwani ikakosa wa kuipa, ikajipachika yenyewe. Usianze kuhangaika na bando. Angalia waya, angalia swichi, angalia kama ruta iko hai.

#8 Pongwe Kwetu

Mimi naona mnawatetea makampuni. Mwezi Mei 2024 intaneti ilikufa nchi nzima, hapo ilikuwa waya wa nani umeingia kutu? Na kama pakiti zinajitafutia njia kama mabasi yako hayo, mbona hazikujitafutia?

#9 Waya Mwekundu

Swali la haki kabisa mkuu, wala simtetei mtu.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika siku moja upande wa kusini huko, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa moja ya nchi zilizoumia zaidi. Hizo nyaya mbili zimepita karibu karibu. Pakiti zilijitafutia njia kweli, ila njia iliyobaki ni nyembamba na wote wanaikimbilia hiyo hiyo. Ruta ikipokea pakiti nyingi kuliko inavyoweza kutoa inaziweka foleni, foleni ikijaa inazimwaga, TCP inaona hazijafika inazituma tena huku ikijipunguzia kasi, na kwa mtumiaji wa huku Pongwe ni kwamba ukurasa unazunguka tu haufunguki. Wazo la Baran lilikuwa njia ziwe nyingi na ziwe zimeachana. Ukiwa na njia mbili zilizolala bahari moja hujawa na njia mbili kwa maana aliyoitaka yeye. Hapo ndipo lawama iende, kwenye kukosa njia mbadala za kutosha, na mimi nasema nchi inatakiwa iwe nazo nyingi zaidi, za baharini na za nchi kavu.

Waya wa baharini wenyewe si mgeni kwenye mwambao huu. Unguja iliungwa na Aden kwa waya wa telegrafu mwaka 1879, na waya huo ukaendelea kusini hadi Durban. Ila faiba tumeipata juzi, SEACOM 2009 na EASSy 2010, zote zikapandia Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, na wale waliotumia intaneti kafe za miaka ile wanakumbuka ilivyokuwa.

Hapa narudi kwenye ule muda wa kwenda na kurudi niliomwahidi mgosi wa Mabawa. Setilaiti zile ziko juu karibu kilomita 36,000. Pakiti inapanda inashuka, jibu linapanda linashuka, jumla kilomita 144,000, na redio inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata mitambo iwe mizuri vipi unasubiri karibu nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Hakuna pesa itakayoondoa hiyo. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, Tanga hadi Dar kama kilomita 350, kwenda na kurudi ni milisekunde 3.5 hivi ukiacha kazi ya ruta za njiani. Ulaya kwa waya wa kilomita 10,000 ni milisekunde 100. Ukurasa mmoja wa wavuti unaweza kuuliza na kujibiwa mara kadhaa kabla haujaonekana, hizo milisekunde zinajumlika.

Ndiyo maana kuna vituo vya kubadilishana intaneti ndani ya nchi, kipo TIX pale Dar, mtu wa kampuni moja akimtumia mtu wa kampuni nyingine pakiti zinakutana hapo hapo haziendi Ulaya kuzunguka na kurudi. Tovuti iliyowekwa ndani inaweza kuendelea kufunguka hata waya wa bahari ukikatika. Watu wenye tovuti za shule, za halmashauri, za hospitali, wafikirie seva zao ziko wapi.

#10 Mgosi wa Mabawa

Ahsante mgosi hapo nimeelewa vizuri. Tuje kwenye waifai sasa, mimi naishi nyumba ya zamani ya babu, kuta nene zile za mawe. Sebuleni inawaka vizuri, chumbani mstari mmoja. Nikanunua ruta ya masafa mawili nikaambiwa nitumie 5 maana ni kubwa kuliko 2.4, ndiyo imezidi kuwa mbaya.

#11 Waya Mwekundu

Aliyekuambia alisema nusu ya ukweli. GHz 5 inabeba data nyingi zaidi lakini inakufa haraka kwenye ukuta, na hizo kuta za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene hasa. GHz 2.4 inapenya vizuri zaidi, ila ina watu wengi, majirani wote wako humo. Kwa nyumba kama yako usihangaike kuongeza nguvu, vuta waya hadi ukumbini karibu na vyumba uweke kifaa cha pili cha kurushia hapo. Waya unashinda ukuta siku zote.

Na kitu ambacho watu hawakijui, hewa ni moja. Kwenye swichi kila mtu ana waya wake, kwenye waifai wote mnatumia hewa ile ile na kwa kawaida anaongea mmoja mmoja, wawili wakiongea pamoja kwenye chaneli moja pakiti zinagongana zinaharibika zote. Hili tatizo lilitatuliwa kwanza visiwani, napenda sana kisa hiki kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Chuo Kikuu cha Hawaii kina matawi kwenye visiwa mbalimbali, na Norman Abramson na wenzake walitaka kuyaunganisha na kompyuta kuu kwa redio. Mwaka 1971 wakawasha ALOHAnet. Kanuni yao ilikuwa rahisi mno, ukiwa na pakiti tuma, usipopata jibu kwamba imefika ujue imegongana, subiri muda wa kubahatisha halafu tuma tena. Huo muda wa kubahatisha ndiyo akili yenyewe, kwa sababu mkisubiri muda sawa mtagongana tena na tena. Robert Metcalfe akaichukua kazi hiyo akaiboresha, akaongeza kusikiliza kwanza kabla ya kutuma, ndiyo ikazaliwa Etheneti, kanuni ya hizi netiweki za waya, mwaka 1973 pale Xerox PARC, maabara ya utafiti kule Marekani. Waifai ya leo bado inasikiliza, bado inasubiri muda wa kubahatisha.

Kwa hiyo kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, hizo tatu haziingiliani. Ukichagua 3 unasumbuliwa na wa 1 na wa 6 wote wawili.

#12 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Mwanangu swichi nimeshanunua na kijana kafunga, kompyuta zote zinaprinti, Mungu akubariki. Sasa nimeweka na ruta ya laini kwa ajili ya wateja wa maombi ya vyuo na ajira. Mara inafunguka mara inagoma. Nimpigie nani, kampuni au kijana?

#13 Waya Mwekundu

Hongera bi mkubwa. Usimpigie mtu kwanza, iulize netiweki yenyewe, hatua kwa hatua ukianzia karibu.

Kwenye kompyuta fungua ile sehemu nyeusi ya kuandika amri. Andika ping 192.168.1.1, au anwani yoyote iliyoandikwa chini ya ruta yako. Hiyo inatuma pakiti ndogo hadi kwenye ruta na kusubiri jibu. Ruta isipojibu, tatizo liko ndani ya duka, kampuni haihusiki. Ikijibu, andika ping 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google. Ikigoma hapo na ruta inajibu, tatizo ni kati ya ruta na kampuni, hapo piga simu na uwaambie hivyo hivyo, watakusikiliza tofauti. Ikijibu pia, andika ping na jina la tovuti. Namba ikijibu na jina likigoma basi kinachokosekana ni DNS, ule mfumo wa kugeuza majina kuwa namba aliouunda Paul Mockapetris mwaka 1983, intaneti ipo ila kompyuta yako haijui pa kwenda, unabadilisha DNS kwenye mipangilio inaisha.

Fanya hivyo kwa kompyuta yenye waya, kisha kwa ile ya waifai, utuambie.

#14 Bi Mkubwa wa Ngamiani

Kijana kafanya. Ya waya inajibu ruta bila kukosa, na 8.8.8.8 inajibu. Laptopu ya waifai hata ruta yenyewe inajibu mara inapotea, anasema katika kumi zinapotea tatu nne. Ruta iko chini ya meza nyuma ya kabati la chuma la karatasi.

#15 Waya Mwekundu

Basi kampuni haina kosa, na bando halina kosa. Chuma kinazuia redio, na hapo kwenye maduka yamebanana kila mmoja ana waifai yake. Itoe ruta nyuma ya kabati, iweke juu ukutani pahala pa wazi palipo kati ya duka, kijana aingie kwenye mipangilio aangalie majirani wengi wako chaneli gani, akiona wamejaa 6 aweke 1 au 11. Halafu arudie ping ya ruta kwa ile laptopu, aiache iende hata mia moja. Zikirudi zote wewe endelea na kazi. Zikipotea bado, achomeke laptopu hiyo hiyo kwa waya, ikitulia kwa waya basi kadi yake ya waifai ndiyo mbovu, kuna za kuchomeka kwenye USB bei yake si kubwa, ruta usiiguse.

Kijana wa Sahare, wewe chukua lile swali la TTL, ile namba inayohesabu hatua ambazo pakiti inaruhusiwa kupita, uliloniandikia inboksi uliweke hapa, wengine nao wasome jibu.